Nani Ashike Akiba Yetu ya Uzeeni?

(Haya ni maneno aliyoyasema Mweka Hazina wa Tawi katika mkutano wa wafanya kazi uliofanywa Buyangu, Kaunti ya Kakamega. Yamepigwa chapa hapa kwa ajili ya ndugu ambao hawakuweza kuhudhuria.)



Nawashukuru kwa kuja, ingawa mvua imenyesha tangu saa nane na wengine mmetoka Kambi ya Mwanza kwa miguu. Sitawachosha kwa salamu nyingi. Jambo lililotukutanisha ni la fedha, tena fedha ambazo wengi wetu hatutazishika mikononi mpaka nywele zimekuwa nyeupe. Kwa sababu hiyo hiyo yatupasa kuliangalia sasa, wakati macho yetu yangali yaona.

Mnajua kwamba tajiri wetu wa kiwanda cha sukari guru ametuletea barua. Anasema kwamba makato yanayokwenda NSSF yamegawanyika mafungu mawili, na kwamba sheria inamruhusu kulitoa fungu la pili na kuliweka katika mpango wa pensheni wa watu binafsi. Mawakala wawili wamekwisha kumjia. Mmoja wao alikuja mpaka kiwandani, akawagawia watu kofia na soda. Tajiri atatia sahihi mwisho wa mwezi, naye ametuomba tupeleke watu wawili wakae pamoja naye wakati wa kuchagua.

Ndugu zangu, tajiri amefanya jema. Si matajiri wengi wanaowaita wafanya kazi katika jambo kama hili. Lakini mtu akikuita kuchagua, nawe hujui unachochagua, basi hukuchagua kitu; umekwenda kushuhudia tu. Kwa hiyo leo nataka tujue.

Kwanza niwaambie yaliyonipata mimi mwenyewe. Nilipokuwa kijana nilifanya kazi katika karakana moja mjini. Sitaitaja, maana neno langu leo si la kulaumu mtu. Kila mwezi karatasi ya mshahara ilionyesha makato ya pensheni. Nilikatwa kwa muda wa miaka sita. Nilifurahi, nikasema mimi nina akiba. Siku moja karakana ikafungwa. Nilipokwenda kuuliza akiba yangu, karani akafungua daftari, akaniambia: “Bwana, hapa pana michango ya miezi kumi na minne tu.” Iliyobaki ilikatwa kwangu lakini haikufika. Nilikuwa na karatasi zangu zote za mshahara katika sanduku la bati, lakini kwa miaka sita sikuwa nimeuliza hata mara moja. Kosa la wao lilikuwa kutopeleka. Kosa langu lilikuwa kutouliza. La kwao siwezi kulirekebisha, lakini la kwangu naweza kuwazuia ninyi msilirudie.

Sasa tutazame tulikotoka. Wazee wa Kakamega wanakumbuka machimbo ya dhahabu ya Rosterman, yaliyofungwa mwaka 1952. Wakati ule mtu wa kibarua alipozeeka alirudi shambani kwake, na pensheni yake ilikuwa watoto wake. Baada ya Uhuru, mwaka 1965, Serikali ilitunga sheria ya kuanzisha NSSF, yaani Hazina ya Taifa ya Hifadhi ya Jamii, ili mfanya kazi na tajiri wote watoe mchango. Lilikuwa jambo kubwa. Lakini mchango ulikuwa mdogo: kwa miaka mingi mfanya kazi alitoa Shs. 200/- kwa mwezi na tajiri Shs. 200/-, hata kama mshahara ulikuwa mkubwa namna gani. Ndiyo sababu wengi waliostaafu walipata fedha za kununulia ng'ombe mmoja au wawili, kisha basi.

Mwaka 1997 ilitungwa sheria nyingine, Sheria ya Mafao ya Kustaafu, iliyoanzisha Mamlaka ya kuangalia mipango yote ya pensheni katika Kenya. Wengi wanaiita RBA. Mpango wo wote wa pensheni ni sharti uandikishwe nayo. Shikeni sana jina hili, maana nitalirudia.

Kisha ikaja Sheria ya NSSF ya mwaka 2013. Sheria hii ilipandisha mchango ukawa asilimia 6 kutoka kwa mfanya kazi na asilimia 6 kutoka kwa tajiri. Ilizuiwa na kesi kwa miaka mingi. Septemba 2022 mahakama ya mambo ya kazi iliamua kwamba sheria hiyo haipatani na Katiba. Februari 2023 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo, na makato mapya yakaanza. Februari 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha kesi katika Mahakama ya Rufani isikilizwe tena, lakini makato hayakusimama. Ninyi wenyewe mmeyaona katika karatasi zenu.

Sasa tuyahesabu, maana maneno bila hesabu ni upepo. Nachukua viwango vilivyoanza Februari 2025. Kwa viwango hivyo fungu la kwanza lilikuwa asilimia 6 ya Shs. 8,000/- za mwanzo za mshahara. Fungu la pili lilikuwa asilimia 6 ya mshahara uliozidi hapo, mpaka kufikia Shs. 72,000/-. Viwango hivi vimekuwa vikipanda kila Februari tangu 2023, kwa hiyo kila mwaka mwulize karani wa mishahara.

Tumchukue ndugu anayepata Shs. 15,000/- kwa mwezi, tumhesabie kwa viwango hivyo vya 2025. Fungu la kwanza ni Shs. 480/-. Hilo halitoki NSSF. Linabaki huko kwa kila mtu. Fungu la pili ni asilimia 6 ya Shs. 7,000/- zilizobaki, yaani Shs. 420/-. Tajiri naye anatoa Shs. 420/- juu yake. Jumla ni Shs. 840/- kila mwezi, au Shs. 10,080/- kwa mwaka. Hizi Shs. 10,080/- ndizo wale mawakala wawili wanazozitaka. Katika kiwanda chetu tuko watu thelathini, na kama kila mtu angekuwa na mshahara huo, zingekuwa Shs. 302,400/- kila mwaka. Sasa mmeelewa kwa nini mtu anaweza kuacha ofisi yake Nairobi na kuja na kofia mpaka Buyangu.

Msidhani nasema ni wezi. La. Kutafuta kazi si wizi. Yako mipango ya watu binafsi iliyotunza fedha za watu vizuri sana. Tena sheria yenyewe imeweka njia hii: tajiri anaomba kibali kwa RBA, mpango unaopokea fedha ni sharti uwe umeandikishwa, na mchango usipungue ule ambao ungekwenda NSSF. Neno langu ni kwamba mtu anayeuza asiwe ndiye mtu pekee anayetushauri.

Hapa ndipo watu wengi wanapochanganyikiwa, kwa sababu wanasikia majina mengi na kudhani wote ni mtu mmoja. Wako watu wanne katika mpango wa pensheni, na wa tano ni yule mwenye kofia. Fikirini ghala la mahindi ya kijiji. Wanakijiji wanachagua wazee wa kulisimamia. Hao ndio wadhamini. Yuko karani anayeandika nani ameleta gunia ngapi. Huyo ndiye msimamizi wa mpango. Yuko mfanya biashara anayeamua mahindi yauzwe lini na wapi ili yapate faida; huyo ndiye meneja wa uwekezaji. Na yuko mwenye ufunguo wa mlango, ambaye hatoi gunia bila amri iliyoandikwa. Huyo ndiye mtunza mali, na mara nyingi ni benki. Msimamizi, meneja na mtunza mali ni sharti waandikishwe na RBA. Sheria haitaki mfanya biashara awe ndiye mwenye ufunguo, na ninyi mnajua sababu bila mimi kuwaambia.

Wa tano ni wakala au mshauri. Huyu ndiye anayemwambia tajiri, “Chukua mpango huu, acha ule.” Fedha hazipiti mkononi mwake, lakini neno lake ndilo linalozipeleka zinakokwenda. Kwa hiyo huyu ndiye tunayepaswa kumpima kabla ya wengine wote. Nami nimeandika maswali sita. Watu wetu wawili wayachukue kwa tajiri, na majibu yaletwe kwa maandishi.

Swali la kwanza: Nani amekuandikisha? Mshauri aonyeshe karatasi zake, na majina ya mdhamini, msimamizi, meneja na mtunza mali wa mpango anaouleta. Kisha sisi wenyewe tuulize RBA. Orodha ya walioandikishwa haifichwi. Mtoto ye yote wa sekondari mwenye simu anaweza kuisoma. Msikubali nakala ya cheti kwa kuwa ina muhuri mwekundu. Muhuri unachongwa hata sokoni.

Swali la pili: Nani anakulipa? Hili ndilo swali ambalo watu wengi huona haya kuliuliza, nalo ndilo kubwa kuliko yote. Kama mshauri analipwa na tajiri kwa ujira uliopatanwa, basi ana sababu ya kumtumikia tajiri na sisi. Kama analipwa kamisheni na kampuni inayopokea fedha, basi amekuja kwa niaba ya kampuni hiyo, hata akijiita mshauri. Si dhambi, lakini aseme wazi, na aseme ni kiasi gani, na kama kamisheni hiyo inatoka katika michango yetu. Mtu akikasirika kwa swali hili, mmekwisha kupata jibu.

Swali la tatu: Gharama zote kwa mwaka ni kiasi gani? Si gharama moja, zote. Kuna ada ya msimamizi, ada ya meneja, ada ya mtunza mali, ada ya mdhamini, ada ya mkaguzi wa hesabu, na tozo ya RBA. Mshauri hodari wa maneno atataja moja na kunyamaza juu ya zilizobaki. Tazameni hesabu hii. Mpango ukisema, “Ada yetu ya chini kwa kila tajiri ni Shs. 60,000/- kwa mwaka,” unaweza kuona ni kitu kidogo. Kwa kampuni yenye watu elfu ni kidogo kweli. Lakini sisi ni thelathini. Kila mtu atabeba Shs. 2,000/-. Na mchango wake wa fungu la pili kwa mwaka ni Shs. 10,080/-. Basi karibu shilingi moja katika kila tano imeliwa kabla haijaanza kufanya kazi.

Kwa hiyo biashara ndogo kama yetu haifai kuanzisha mpango wake peke yake. Kuna ile inayoitwa mipango mwavuli, ambamo matajiri wengi huingia katika mpango mmoja wenye mdhamini mmoja, na gharama zikagawanywa kwa watu wengi. Mshauri akituletea mpango wa kiwanda kimoja chenye watu thelathini, tumwulize kwa nini.

Na hata ada inayohesabiwa kwa asilimia, msiidharau. Mtu akiweka Shs. 10,080/- kila mwisho wa mwaka kwa miaka 30, bila mchango kupanda, na fedha zikazaa asilimia 8 kwa mwaka baada ya gharama, atapata kama Shs. 1,142,000/-. Gharama zikiongezeka kwa asilimia 2 tu, akabakiwa na asilimia 6, atapata kama Shs. 797,000/-. Tofauti ni zaidi ya Shs. 340,000/-. Hizo ni nyumba ya mabati yenye saruji chini. Mshauri aliyesema “asilimia mbili tu, mzee” amekunyang'anya nyumba, naye hakuinua sauti.

Swali la nne: Fedha zetu zitawekwa wapi, nani anabeba hasara? Kuna mfuko wenye dhamana, ambao kampuni ya bima huahidi kwamba fedha hazitashuka chini ya kiwango fulani. Hasara ya soko ni yake, lakini katika mwaka mzuri huenda faida mkaiona ndogo. Na kuna mfuko mwingine ambao hupanda na kushuka pamoja na soko. Faida ni yenu na hasara ni yenu. Kijana wa miaka 25 aweza kuvumilia mwaka mbaya, maana ana miaka mingi mbele. Mzee aliyebakiza miaka mitatu hawezi. Mshauri mwema ataomba kujua umri wetu kabla ya kufungua mdomo. Yule anayeleta dawa moja kwa wagonjwa wote, mwogopeni. Na ye yote anayewaahidi faida ya ajabu bila hasara, msimpe hata kiti.

Katika jambo hili sheria ya Kenya inatusaidia. Kuna mipaka ya kiasi gani cha fedha za pensheni kiwekwe katika hisa, kiasi gani katika majumba na ardhi, na kiasi gani nje ya nchi. Na ni marufuku kabisa kumkopesha mtu ye yote fedha za mpango. Mnasikia? Si tajiri, si mdhamini, si chama chetu. Siku moja tajiri aweza kuwa na shida ya kununua miwa, aseme, “Nikopesheni kidogo kutoka pensheni, nitarudisha mavuno yakija.” Jibu ni hapana, na jibu hilo limeandikwa na Bunge, si na sisi.

Msidhani mambo haya hutokea kwa watu wasiosoma tu. Huko Uingereza palikuwa na tajiri mkubwa wa magazeti, Robert Maxwell. Alipokufa mwezi Novemba 1991, iligunduliwa kwamba zaidi ya pauni milioni 400 zilikuwa zimechukuliwa kutoka mifuko ya pensheni ya wafanya kazi wake ili kuzitegemeza kampuni zake. Wapiga chapa waliofanya kazi maisha yao yote waliamka wakaona akiba yao haipo. Baada ya hapo Waingereza walitunga sheria mpya ya pensheni mwaka 1995. Kama jambo hilo lilitokea London, penye wanasheria mtaa mzima, sisi wa Buyangu tutaona haya gani kuuliza?

Na huku kwetu, mlikiona kiwanda cha Mumias. Mwaka 2019 kiliwekwa chini ya mrasimu wa benki. Palikuwa na mtu gani katika Kakamega aliyefikiri kiwanda kile kingeweza kufika hapo? Kampuni yaweza kufa. Ndiyo sababu sheria inataka fedha za pensheni zikae chini ya wadhamini, mbali na mali ya tajiri, ili wanaomdai tajiri wasizifikie. Lakini ulinzi huo unazilinda zile fedha zilizofika tu. Zilizokatwa na kubaki mezani kwa tajiri hazina ulinzi. Nami nimewaambia yaliyonipata.

Kwa hiyo swali la tano ni hili: Tutajuaje kila mwezi kwamba mchango umefika? Mpango bora utamletea kila mtu ujumbe katika simu yake, au utamwezesha kuangalia mwenyewe. Kila mwaka kila mwanachama ana haki ya kupata taarifa ya akiba yake kwa maandishi, na wanachama wana haki ya mkutano wa mwaka ambamo hesabu husomwa. Mshauri atuonyeshe taarifa ya mwaka jana ya mpango huo, na hesabu zilizokaguliwa. Tena atuambie mchango usipofika nani atapiga kelele, na katika siku ngapi. Msimamizi anayenyamaza kwa sababu hataki kumwudhi tajiri hatufai.

Swali la sita: Tunatokaje? Mlango wa kuingia ni mpana siku zote. Waulizeni juu ya mlango wa kutoka. Tukiona mpango haufai, tunaweza kuhama na fedha zetu? Kuna faini? Itachukua muda gani? Na mtu akiacha kazi hapa akaenda Eldoret, akiba yake itamfuata namna gani? Mtu asiye na neno la kuficha atajibu maswali haya bila kukimbilia karatasi nyingine.

Hayo ndiyo maswali sita. Sasa nijibu mambo mawili niliyoulizwa kabla ya mkutano.

Mama mmoja wa jikoni ameniuliza: “Nikifa kabla ya kustaafu, watoto wangu watapata?” Mama, umeuliza neno kubwa. Katika mipango iliyoandikishwa kuna fomu ya kuwataja wale watakaopewa fedha ukifariki. Kwa sheria yetu fedha hizo hazihesabiwi kuwa sehemu ya urithi. Wadhamini huzitoa wakiitazama fomu hiyo. Sasa mjiulize: fomu yako uliijaza lini? Yuko ndugu aliyeijaza akiwa kijana, akaandika jina la mama yake. Leo mama amekwisha kufariki, naye ana mke na watoto watano, na fomu ni ile ile. Yuko mwingine mwenye wake wawili na ameandika mmoja. Akifa, ugomvi utaanza kabla matanga hayajaisha. Ukioa, ukizaa, ukifiwa, ijaze upya. Mshauri atakayechaguliwa aje hapa na fomu, akae nasi, na awasaidie wasiojua kusoma, mbele ya shahidi.

Jambo la pili: wengine wanasema, “Kwa nini tukatwe? Tutapata kiinua mgongo tukiondoka.” Ndugu zangu, msidanganyike. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 inasema kwamba mtu aliye mwanachama wa NSSF au wa mpango wa pensheni ulioandikishwa hawezi kudai malipo yale ya miaka ya utumishi. Mkataba wa chama au barua yako ya kazi yaweza kukupa zaidi, lakini sheria yenyewe haikupi viwili. Kwa hiyo hizi Shs. 840/- si nyongeza ya kuchezea. Kwa wengi wetu, pamoja na fungu la kwanza, ndizo zitakazotungoja mwisho wa safari.

Na ninyi ndugu mnaoitwa vibarua, mnaopakia miwa siku kwa siku, msidhani maneno haya hayawahusu. Sheria hiyo hiyo inasema kibarua anayefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja huhesabiwa kama mtu wa mkataba wa mwezi. Mwenye swali juu ya hili aje ofisi ya tawi na karatasi zake. Na mwenye kujitegemea, kama vile vijana wanaowaongoza wageni katika msitu wetu, au akina mama wauzao ndizi barabarani, naye anaweza kujiunga na mpango wa mtu mmoja mmoja. Mpango wa Mbao, ulioanzishwa kwa ajili ya watu wa jua kali, ulijengwa juu ya wazo la kuweka Shs. 20/- kwa siku. Si fedha nyingi, lakini uliza maswali yale yale sita.

Sasa kwa upande wa tajiri. Yako maneno ya haki ya kumwambia. Yeye si mtaalamu wa pensheni. Ni mtu wa miwa. Anabeba mzigo wa kutoa asilimia 6 yake, na akichagua vibaya ataaibika mbele yetu. Basi tusiende kwake kama maadui. Tumwambie: “Bwana, usimchukue wa kwanza aliyekuja. Waite angalau watatu. Wape wote maswali mamoja, wajibu kwa maandishi, tuyaweke majibu mezani tuyalinganishe.” Na tuikumbuke njia nyingine ambayo wakala hataitaja kamwe: kukaa NSSF. Kama hakuna mpango unaoonekana kuwa bora baada ya gharama zote, fungu la pili libaki lilipo. Kutohama nako ni kuchagua.

Tena msiache kujua haki yenu mkidhulumiwa. Kwanza mwandikie msimamizi na wadhamini, ubaki na nakala. Wasipokujibu, peleka malalamiko RBA. Na asiyeridhika na uamuzi wa RBA anaweza kwenda kwenye Baraza la Rufani lililowekwa na sheria hiyo hiyo. Lakini haki hizi zote zinataka karatasi. Wekeni karatasi za mshahara. Sanduku langu la bati lilinisaidia: nilipopeleka madai yangu nilipata sehemu ya fedha zangu, kwa sababu nilikuwa na ushahidi. Wenzangu waliokuwa wamefungia sukari kwa karatasi zao hawakupata kitu.

Bwana Mwenyekiti, namaliza. Naomba mkutano huu ukubali mambo matatu. Kwanza, tuwachague watu wawili leo, mmoja mwanamume na mmoja mwanamke, na mmoja wao awe kijana, maana yeye ndiye atakayekaa na uamuzi huu kwa miaka mingi. Pili, wampelekee tajiri maswali haya sita kabla ya Ijumaa. Tatu, mtu ye yote asitie sahihi fomu ya wakala ye yote mpaka majibu yamesomwa hapa, mbele ya watu wote. Aliyekwisha kupokea kofia, na avae. Jua ni kali. Lakini kofia si mkataba.

Wazee wetu waliochimba dhahabu walirudi nyumbani mikono mitupu, kwa kuwa hapakuwa na sheria. Mimi nilirudi na miezi kumi na minne badala ya miaka sita, na sheria ilikuwapo, lakini sikuuliza. Ninyi sheria mnayo, na maswali mnayo. Likiharibika tena, hatutakuwa na mtu wa kumlaumu.



(Baada ya hotuba mkutano ulikubali mambo yote matatu kwa kuinua mikono. Waliochaguliwa ni mpishi mmoja na fundi mmoja wa mtambo. Majibu ya mawakala yatasomwa katika mkutano ujao, na wanachama wote wanaombwa kuja na karatasi zao za mshahara.)